Nilivyolala chali kwenye matuta ya nyanya, Likasi, kuthibitisha kwamba drip yangu haina damu

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimesoma mnavyobishana kuhusu drip irrigation, filter gani, pump gani, nikacheka peke yangu. Acheni niwape ya kwangu. Sitaongeza chumvi, maana mke wangu yuko hapa pembeni anasoma kila mstari.

Ilikuwa Likasi, mji wetu wa migodi, miaka ya tisini, mambo yameshaharibika. Mimi nilikuwa fundi umeme kiwandani. Kazini tulienda, mshahara haukuja, mwisho tukabaki nyumbani. Jirani zangu wengine walishahamia Kambove kuchimba mawe ya madini.

Sisi tuliishi kwa bustani ya nyuma ya nyumba: lengalenga (mchicha wetu), vitunguu, na nyanya ambazo mke wangu, Mama Béa, aliziuza soko la Kikula.

Shida ikawa maji. Kiangazi kile bomba lilitoa maji kidogo asubuhi tu, tena mekundu kwa kutu. Ukimwagilia kwa ndoo, yanaisha kabla hujafika tuta la pili.

Jirani yetu Papa Anselme, nesi mstaafu, alikuwa na katoni ya mipira ya sérum, ile wanayotundikiwa wagonjwa. Mipya, ila muda wake ulikuwa umepita. Akanipa yote.

Nikasimamisha miti, nikatundika bidoni kumi na moja, yale madumu ya mafuta ya kupikia, yakiwa yamejazwa maji, kila moja na mpira wake hadi kwenye shina la nyanya. Kale kagurudumu ka kupunguza maji nikakakaza mpaka likatoka tone, kimya, tone.

Wakuu, nilivuta kiti nikakaa kutazama matone kama mtu anayetazama fainali.

(Siku ya kwanza nusu ya mipira iliziba kwa uchafu. Nikachuja maji kwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa kitenge cha Mama Béa cha kanisani. Tuishie hapo, amenikazia macho.)

Nyanya zikanawiri. Zilipoiva, Mama Béa akaenda sokoni, akarudi na beseni limejaa vilevile.

“Weye ulifanya nini? Bantu banasema tomati yetu iko inakunywa damu!”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Lile beseni ndilo lilikuwa chakula chetu cha wiki.

Hebu fikiria unachungulia juu ya ua: mipira ya hospitali, ndani yake kitu chekundu, chini yake nyanya nyekundu. Hata mimi ningekimbia.

Kesho yake akaja Mama Ruth, kiongozi wa waombaji wa kanisa la mtaani, na umati nyuma yake. Wakaanza kukemea bidoni, moja baada ya nyingine. Nikaeleza habari za kutu. Nikaeleza mabomba ya zamani. Nilieleza mpaka sauti ikakauka.

“Kama iko mayi, kunywa,” akasema Mama Ruth.

Nikashika kikombe niende kwenye ndoo.

“Apana! Ile ya mu mupira!”

Basi nikalala chali katikati ya matuta, kwenye tope, kinywa wazi chini ya mpira.

Tone.

Kimya.

Tone.

Nilikuwa nimeiseti vizuri mno, wakuu.

“Anakunywa?” wakauliza wa nyuma.

“Bado. Iko anangojea.”

“Papa Béa, fungula kidogo!”

“Siwezi,” nikajibu, kinywa bado wazi. “Nitaharibu réglage!”

Mama Béa ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa chini na beseni lake. Umati ukafuata. Mama Ruth alijizuia, akashindwa, kisha akapiga magoti, akakinga tone kiganjani na kulilamba.

“Iko mayi,” akatangaza. “Mayi mubaya, lakini mayi.”

Nyanya za beseni zilinunuliwa zote palepale uani.

Asubuhi iliyofuata Mama Ruth alikuwa mlangoni na bidoni tupu: “Papa Béa, mupira moja tu.” Nikaenda kumfungia drip bustanini kwake. Wiki ile niliitwa kwenye nyua sita. Mtu aliyeshinda miezi amekaa kizingitini akajikuta tena anaitwa fundi, na usiulize nilivyotembea na koleo langu mfukoni.

Nilichojifunza: ukileta kitu kigeni bustanini, waite majirani siku ya kwanza, washike, waonje. Maneno yangu yote hayakumgeuza mtu hata mmoja. Tope mgongoni ndilo lililowageuza.

Haya, leteni zenu. Nani mwingine alitengeneza drip kwa vitu ambavyo havikukusudiwa kwa kazi hiyo, na mtaa ulisemaje?