Kifaru Chenye Pembe

Baba aliendesha kifaru kwenye vita vya Kagera, na miaka yote hii hakuwahi kuwa na picha ya kifaru hicho hata moja. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, nikaamua kumtengenezea cha mbao, akione kabla giza halijamfunika. Mimi ni fundi cherehani hapa Mabawa, msumeno niliazima.

Baba hakuwa mteja rahisi. Minyororo niliikata kwenye soli za kandambili kuukuu, hiyo akaikubali. Magurudumu ndiyo yaliyonitoa jasho. Niliyapanga matano kila upande, yameachana sawasawa. Akayapapasa, akasonya.

"La kwanza limejitenga na wenzake, mwanangu. Ukiyapanga sawasawa hivi umenitengenezea cha mtu mwingine."

Nikang'oa yote. Mzinga nao nikaurudia, na taa, na kifuniko cha dereva, maana yeye alikaa kushoto na mimi nilikuwa nimemweka katikati. Majirani wakaniuliza kama nimekosa nguo za kushona.

Kilipokamilika, shule ya jirani ikaomba kukiweka kwenye maonyesho yake, na Baba aje kuwaeleza watoto. Nikakipeleka siku moja kabla.

Tulipofika asubuhi, damu ilinipanda kichwani. Kwenye kile kibanda cha juu kinachobeba mzinga, mwalimu msimamizi alikuwa amechora kichwa cha mnyama kwa rangi nyeupe pe, na pembe mbili puani!

"Si ndiyo kifaru, dada?" akaniambia, anatabasamu. "Bila yule mnyama watoto watajuaje?"

Watajuaje! Kwa kuambiwa! Hata lugha yenyewe imeshawatenganisha: wa mbuga ya Mkomazi ni huyu, changu ni hiki. Mwalimu mzima anashindwa na ngeli? Mimi nimekesha na pengo la kati ya magurudumu mawili ya kwanza, lisizidi wala lisipungue, halafu mtu anakuja na brashi yake dakika ya mwisho anaona ukweli hautoshi mpaka uoteshwe pembe. Nilimwambia hayo yote, na mengine ambayo siyaandiki hapa. Akasema nakuza mambo, ule ni urembo tu. Neno hilo mpaka leo linanichoma.

Huku tukibishana, Baba alikwishaketi mbele ya watoto. Wakamwamkia shikamoo kwa sauti moja, akaitikia, kisha akaomba apakatishwe kifaru chake. Vidole vikapita kwenye magurudumu, akaguna kwa kuridhika. Akakiinua karibu na macho, akauona ule weupe.

Mwalimu akamuwahi. "Mzee, nyinyi nanyi mlichora alama kama hii, sivyo?"

Baba akakirudisha kifaru mapajani.

"Hapana," akasema. "Sisi tulikipaka matope kila asubuhi, wallahi, lisionekane hata bati. Tulikuwa wanne mle ndani, na wote tulitaka kurudi nyumbani."