Jina la Konadu Mbele ya Jeneza

Bonsra alikuwa mpiga picha wa misiba, na hakuona haya kusema hivyo. Harusi aliwaachia vijana wenye kamera zinazoruka. Pale mjini Efiduase ukifiwa unatafuta jeneza, unatafuta wapishi, kisha unamtafuta Bonsra, kwa sababu nusu ya ndugu zako wako ughaibuni na hawatakubali kuambiwa tu kwamba mama keshazikwa. Wanataka kuona. Wanataka kujua nani alikuja na nani alivaa nini, na wakishajua wanaanza kugombana hukohuko mtandaoni, chini ya video, mwili haujatoka hata nyumbani.

Kazi hiyo ilikuwa na adui mmoja, naye ni muziki. Wakati fulani alirusha mtandaoni, moja kwa moja, mazishi ya mama wa chifu, dijei akapachika wimbo wa kanisani uliokuwa ukivuma, na kesho yake video nzima ikafanywa bubu kwa madai ya hakimiliki. Watu wanafumbua midomo, machozi yanawatoka, sauti hakuna. Familia ilimsema Bonsra mpaka akatamani ardhi impasukie. Tangu hapo, kabla hajawasha kamera, alipitia kwanza kwa dijei.

"Kaka, nikinyanyua mkono, zima. Nikiushusha, piga unachotaka, hata ngoma ya shetani."

"Msiba bila muziki ni mkutano wa wazazi shuleni," dijei alimjibu siku ya kumzika Maame Birago.

"Basi leo tuna mkutano. Zima."

Maame Birago aliacha watoto watano. Wanne walikuwa uani, wamevaa nyeusi na nyekundu za msiba. Wa tano, kitinda mimba, Konadu, alikuwa Italia akiwaogesha wazee wa watu, hana karatasi za kukaa, akitoka harudi. Wiki nzima alimpigia Bonsra simu, na neno lake lilikuwa moja tu. Maame Dufie, shoga wa marehemu tangu usichana na kiongozi wa kundi la wanawake waimbaji, alikuwa na wimbo alioutunga mwenyewe wa kumsindikiza mzazi. Katikati ya wimbo huwaita watoto wa marehemu mbele ya mwili, jina kwa jina, na kila mmoja huitikia "Nipo". Anayeitwa mara tatu akanyamaza, mji mzima unamhesabu kuwa amemkana mzazi wake. Na watu wa Efiduase hawasahau.

"Nitaandika hapo chini ya video, wewe unisomee kwa sauti," Konadu alimwambia. "Uwe mdomo wangu, kaka Bonsra. Usiniangushe."

"Dada, nikikuangusha, nife nizikwe bila kamera."

Siku ikafika. Spika zimezimwa, dijei ameinamia sahani yake ya waakye, wali wa maharage, wanawake wamezunguka jeneza wakiimba kwa midomo yao na viganja vyao. Maame Dufie akaita, "Oppong!" Mtoto wa kwanza, mwanamume mzima mwenye mvi, akajibu "Nipo!" kwa sauti ya mtoto mdogo. Akaita wa pili, wa tatu, wa nne. Bonsra macho yote kwenye simu iliyosimama juu ya miguu yake mitatu. Ghafla kioo kikawa cheusi. Yakatokea maandishi: matangazo yamesimamishwa kwa kuwa yana wimbo wa mtu mwingine.

Wimbo wa mtu gani? Alikuwa amejihadhari na spika miaka yote; haikumpitia hata siku moja kwamba sauti za bibi kizee na wenzake zinaweza kuwa mali ya mtu.

"Konadu!" Maame Dufie aliita.

Bonsra akabonyeza kioo, hakuna kitu. "Konadu!" Akabonyeza tena. Kwa mara ya tatu jina likaitwa, polepole, likaachiwa nafasi kubwa. Kisha wanawake wakapokea kibwagizo na wimbo ukaendelea bila Konadu.

Neno moja lingetosha. Angesema tu "Yupo!" na mambo yangeisha. Alijua kabisa kwamba msichana yuko huko, ameshika simu. Lakini alikuwa amezoea kusoma kilichoandikwa na kutoongeza chake, kwa sababu aliwahi kuongeza salamu kwenye msiba mmoja, ukoo ukagawanyika. Na mpiga picha hapazi sauti msibani. Hizo ndizo sababu alizojipa. Mimi nasema aliogopa tu, maskini, na woga wake ukamponza mwingine.

Oppong hakungoja hata watu watawanyike makaburini. "Amemkana mama. Ulaya imemmeza."

"Bwana Oppong, matangazo yalikatika," Bonsra alimwambia.

"Yalikatika! Sisi wanne tumeitwa, yapo. Likaja jina lake, yakakatika. Wewe Bonsra, amekulipa ili udanganye?"

Hata Bonsra mwenyewe, akilifikiria, aliona linasikika kama uongo mtupu. Jioni Konadu akatuma ujumbe wa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa imechakaa kwa kilio. "Niliandika, kaka. Niliandika nipo, nipo, nipo, kwenye kioo cheusi. Kwa nini hukuniitikia wewe?" Bonsra aliusikiliza ujumbe ule mara nyingi kuliko ilivyofaa.

Akajipa moyo kwamba video ikirudi, ukoo utaona ilipokatika. Alipofuatilia akakuta wimbo umeandikishwa kwa jina la Adomako, mwimbaji kijana wa Kumasi, aliyekuja hivi karibuni kuwarekodi wanawake wale kwa soda na biskuti, akatia ngoma zake chini ya sauti zao na kuuza. Mashine ya mtandaoni ikisikia sauti ya Maame Dufie, inasikia mali ya Adomako. Bonsra akapinga madai. Akaeleza kwamba mwenye wimbo ndiye huyo bibi anayeonekana akiimba. Jibu likaja kavu: mdai amethibitisha kuwa wimbo ni wake, ukipinga tena ukashindwa, chaneli yako inaweza kufungwa. Na ndani ya chaneli ile walikuwamo wafu wote wa Efiduase. Bonsra akanywea.

Akaenda kwa Maame Dufie, akamkuta anamenya viazi vikuu.

"Kwa hiyo wimbo wangu ni wa nani?"

"Mtandaoni ni wa Adomako, Maame."

"Yule mwenye hereni? Alikula hapa sahani mbili, akaomba na ya kubeba!" Kisu kikasimama. "Na hiyo mashine iliyompa wimbo wangu, imeshafiwa na nani?"

"Nimempigia Adomako. Anasema yeye hana neno, kampuni yake ndiyo inayodai."

"Kila mtu hana neno. Mtoto wa Birago ndiye anayebebeshwa neno."

Bonsra akachutama karibu naye. "Siku ya arobaini, Maame, ukiuimba tena, mimi nitampigia kwa simu ya kawaida tu..."

"Uimbwe bila maiti? Unataka nani akalale pale mbele, wewe?" Alimkazia macho mpaka Bonsra akatazama chini. Kisha akaendelea kumenya. "Wimbo siimbi. Lakini kuita jina, nani atanikataza? Mwambie awe kwenye simu."

Siku ya arobaini Bonsra aliiacha kamera nyumbani. Alisimama katikati ya ua, simu mkononi, ameisogeza kwenye kipaza sauti. Oppong alikaa na wazee, amekunja mikono, amemgeuzia Bonsra ubavu.

Maame Dufie akasimama. "Konadu, binti Birago!"

Simu ikakwaruza.

"Konadu!"

Sasa ikasikika pumzi, halafu kilio, kile kisichoruhusu neno kupita. "Neno moja tu, dada," Bonsra alinong'ona. Kilio kikazidi. Baadhi ya wanawake wakaanza kutazamana. Maame Dufie akachelewa, akajifanya anarekebisha kitambaa chake, kwa kuwa alijua mara inayofuata ni ya mwisho. Lakini desturi ilikuwa mikononi mwake, hakuweza kuivunja.

"Konadu," akaita, na sauti yake mwenyewe ikakatika.

Bonsra akafumbua kinywa, safari hii amekata shauri. Kabla hajatoa neno, simu ikachukuliwa mkononi mwake. Alikuwa Oppong. Aliishika kwa mikono miwili, kifuani, kilio cha mdogo wake kikitoka katikati ya vidole vyake.

"Yupo," akasema. "Si mnamsikia? Hivihivi ndivyo alivyolia siku mama alipomwachisha ziwa. Mimi ndiye niliyembeba."