Mstari wa setback nusura umnyime binti yangu chumba, hapa Nateete

Salamu wakuu, na nyinyi wajukuu mnaosoma kimya kimya. Mimi ni bibi, shule niliiacha mapema, kwa hiyo msinisahihishe herufi. Ninayosema yametokea barazani kwangu.

Binti yangu Mariamu alifiwa na mume, akarudi nyumbani na watoto wawili. Msichana na mvulana, wamekua, hawawezi kulala chumba kimoja.

Tukaamua kumjengea nyuma ya nyumba yangu. Vyumba viwili, basi.

Mchoraji, Isma, akaja na laptop. Akachora kiwanja juu ya picha iliyopigwa kutoka angani, kisha akavuta mistari myekundu ndani yake. Hiyo ndiyo setback: nafasi unayoacha kati ya mpaka na ukuta wako. Ukivuka mstari, plani haipiti.

"Jaja, nyumba inakaa humu tu," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda.

Hapo penyewe pembamba. Chumba kimoja. Mariamu akainuka, akaenda kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Isma naye hakuridhika. Akafungua ramani ya hati ya kiwanja, akaona upana wa hati unazidi ule wa picha. Mpaka alikuwa ameufuata kwenye luwanyi.

Kwa wasio wa huku, luwanyi ni mmea wa mpakani. Kampala ukiuona unajua umefika kwa mwenzio, kwa hiyo simlaumu.

Ila wazee wa mtaa wetu, Waislamu, waliupanda ndani kidogo, kila mtu upande wake. Katikati wakaacha njia ya kupitisha jeneza kwenda makaburini. Jiwe la mpaka likabaki chini ya njia hiyo.

Tukamwita jirani, Haji Musa, tuchimbe mbele yake. Kuchimba mpakani bila jirani ni kutafuta vita.

"Hajati, sasa unakula hata njia ya maiti?" Haji akaniuliza.

"Nikiila, mimi mwenyewe mtanitolea wapi? Shika jembe," nikamjibu.

Jiwe likaonekana. Isma akahamishia mpaka pale, na mistari ikasogea nao. Njia yote ikabaki ndani ya nafasi isiyojengwa.

Vyumba viwili vikaingia. Baraza haikuingia. Mariamu atakaa kwenye ngazi.

Haji hakuamini rangi za kompyuta. Siku ya kufunga kamba za msingi, alileta wanaume wanne na jeneza tupu la msikitini. Wakalipitisha njia nzima, yeye nyuma yao, macho kwenye kamba. Halikugusa popote.

"Jengeni," akasema, akaenda zake.

Funzo langu: kabla mchoraji hajavuta setback, muulize mpaka kauanzia wapi, na jirani awepo. Picha ya angani inaona mmea, jiwe haioni.

Kwenu huko mpaka mnautambua kwa kitu gani? Semeni, ila kwa adabu.