Mkia Katika Kihamba cha Mzee Sylvanus

Mwalimu Salvina alikuwa amefundisha baiolojia kwa miaka sita katika shule moja ya sekondari juu kidogo ya Mkuu, Rombo, na alikuwa hajawahi kumwona nyangumi wa buluu kwa macho yake. Hilo halikumsumbua hata kidogo. "Moyo wako nao hujawahi kuuona," aliwaambia waliomtania, "lakini unajua unadunda."

Kila Alhamisi saa tisa klabu yake ya viumbe wa baharini ilijaa wanafunzi. Mkuu wa shule, Mwalimu Filbert, aliitaka saa hiyo iwe ya hisabati.

"Hawa ni watoto wa kahawa na migomba," alisema. "Nyangumi watamtumia wapi?"

"Kwani nani aliandika kwamba mtoto wa mlimani aijue milima tu?"

Filbert hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kuona faida. Wakakubaliana: siku ya wazazi, Salvina angepewa uwanja. Wazazi wakiipenda klabu, itabaki. Wasipoielewa, Alhamisi inakwenda kwenye hisabati.

Salvina aliamua kumchora nyangumi kwa ukubwa wake halisi. Wakubwa kabisa hufika mita thelathini, na yeye hakuwa mtu wa kupunguza. Ijumaa akamchora kwa chokaa kwenye sehemu pekee ya shule iliyo tambarare, pembeni, panapopakana na migomba ya jirani. Mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi, siku yenyewe ya wazazi, nyangumi alikuwa maziwa yaliyomwagika, na chokaa imekwisha.

Kwenye ua wa shule kulikuwa na masale tele, yale majani marefu ya kijani. Akawaambia wanafunzi wayakate, wakayachomeka ardhini moja baada ya jingine kufuata umbo la mnyama: taya, tumbo, mgongo. Safari hii, bila mistari ya kuwaongoza, walianza mbele mno, na uwanja ukaisha kabla ya mkia. Wakaendelea kuchomeka kati ya migomba, mita nne mbele.

Salvina alikulia Majengo, mjini Moshi, ambako mpaka ni ukuta wa matofali. Alijua vizuri kwamba huku mlimani masale ndiyo mpaka wa kihamba, shamba ambalo mtu ameachiwa na baba yake, naye baba ameachiwa na babu. Lakini asubuhi ile macho yake yalikuwa kwa nyangumi.

Mzee Sylvanus, mwenye ile migomba, alitokea na panga la kukatia majani ya ng'ombe.

"Mwalimu! Serikali imekutuma uje unimege?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, na usinipoze kwa shikamoo. Haya masale ni ya nini kwangu?"

"Ni mkia, mzee."

"Mkia wa nani?"

"Wa nyangumi."

Mzee aliwatazama wanafunzi, akamtazama mwalimu. "Nimegombana na ndugu zangu wa tumbo moja kwa sale moja. Wewe umenichomekea arobaini, halafu unaniambia nyangumi! Yang'oe."

Ilikuwa saa tatu. Wazazi wangefika saa nne. Nyangumi asiye na mkia angekuwa gunia tu, na Salvina alijua Filbert angesema nini juu ya gunia. Ndipo alipokumbuka kazi ya pili ya jani lile. Aling'oa sale moja pale mkiani, akalifunga fundo, akapiga goti na kumpa mzee kwa mikono miwili.

Huku mlimani sale la msamaha halikataliwi. Mzee akalipokea, akaweka panga chini.

"Umenikamata," alisema. "Nimekusamehe. Lakini sasa nieleze huyu mgeni wangu ni nani."

Salvina akamtembeza kuanzia kichwani. Kwamba si samaki, ana mapafu, hupanda juu kuvuta hewa. Kwamba hana meno. Hugubia maji yenye uduvi, kamba wadogo wa baharini, akayachuja kwa mabamba yaliyo kinywani, na kwa siku moja hula tani kadhaa. Kwamba ndama wake hunyonya zaidi ya lita mia mbili kwa siku.

"Acha!" Mzee alisimama. "Ng'ombe wangu akitoa kumi naenda kanisani kushukuru."

"Na ni maziwa mazito, mzee. Ndama huongeza kilo tisini kila siku."

"Sasa mnyama kama huyu anaogopa nini?"

"Sisi. Karne iliyopita meli ziliwaua zaidi ya laki tatu, kwa ajili ya mafuta. Mwaka 1966 mataifa yalipopiga marufuku, walikuwa karibu kwisha. Wanarudi polepole, ila meli bado huwagonga, na kelele za injini huwazuia kusikilizana. Nao huitana wakiwa umbali wa mamia ya kilomita."

Mzee alikigeuza kile kifundo cha sale mkononi. "Kwa hiyo hana kihamba."

"Hana. Bahari zote anapita, na hakuna pa kumchomekea sale. Anayemlinda ni yule anayemjua tu."

Wazazi walipofika walimkuta Sylvanus amesimama mkiani, anawapanga. "Anzeni huku! Huku ni kwangu!" Akawaeleza habari ya maziwa, na kila mwenye ng'ombe akaguna. Kina mama walipima taya kwa hatua. Filbert alitembea kutoka kichwani hadi mkiani akihesabu kimyakimya, akarudi akihesabu tena.

"Ni kitu kikubwa," alikiri. "Lakini, mzee wangu, hisabati..."

"Filbert!" Sylvanus aliinua kile kifundo, watu wote wakageuka. "Mimi, Mchagga wa Rombo, nimetoa mita nne za kihamba. Mita nne! Wewe unashindwa kutoa saa moja?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Filbert naye alicheka, akapangusa miwani, na akamwambia Salvina, "Alhamisi saa tisa. Na hesabu ya zile lita wafanye kwenye klabu yako."