Firimbi Ilinikuta kwa Ngazi

Chekeni tu, juu ile siku kartye nzima, mutaa wote hapa Kindu, waliona jipo yangu, ile sketi ya ndani (ya manjano, tena na tundu). Binti yangu Zaina alikuwa ametoka Lubumbashi na treni, sababu alisikia nimeanguka kwa jiko, na alisema wazi: "Mama, ukianguka tena, tunaenda wote. Nyumba tutafunga." Nyumba aliyoijenga marehemu baba yake! Miye niende kukaa kwa chumba cha wajukuu, niombe ruhusa ya kupika sombe, majani yangu ya muhogo? Hapana.

Basi asubuhi nikataka kumuonyesha kama ningali na nguvu. Nikaosha barza ya mbele na ngazi zake kwa sabuni, nikajifunga kikwembe kipya kiunoni, fimbo nikaiacha nyuma ya mulango (kiburi hiki!), nikaanza kushuka ngazi kwenda soko, Zaina ananitazama. Muguu mumoja uko hewani, firimbi ikalia: pale kwa ofisi ya serikali, mbele ya nyumba, wanapandisha bendera. Na munajua wakati ule wa chama kimoja, firimbi ikilia kila mutu anasimama palepale, hata kama nyumba inawaka moto. Nikasimama. Sabuni haikusimama.

Nikajikuta chini, kikwembe kimebaki kwa ngazi. "Munisaidie!" Hakuna. Mwenye baiskeli barabarani, amesimama kama muti. Zaina mwenyewe, mikono chini, machozi yanamutoka, hasogei. Nikachanganyikiwa kabisa: nimekufa? Hawanioni? Ao kulala wakati wa wimbo wa taifa nako ni kosa, niimbe? (Niliimba kidogo.)

Wimbo kuisha, wakanikimbilia wote pamoja. Zaina akapiga kelele, "Ni bendera imemuangusha mama!" Aii! Jandarme, yule askari wa bendera, akageuka.

"Sitwayene, wewe raia, nani anasema bendera inaangusha watu?"

Watu wakarudi nyuma, Zaina akabaki mbele peke yake.

"Ninauliza: mama alianguka?"

"Hapana, shefu," Zaina akasema. "Hakuanguka."

"Alifanya nini?"

"Aliketi."

"Kwa heshima?"

"Kwa heshima, shefu."

Basi kama sikuanguka, unanipeleka Lubumbashi juu ya nini? Nilimuuliza vile ndani ya nyumba, huku ananikanda, akakasirika, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Aliita seremala apigilie mbao ya kushikilia kwa ngazi, akarudi kwake peke yake. Barza ningali naosha, lakini sitoki tena mpaka sima, saruji ya ngazi, ikauke, naapa. Tu sijui mpaka leo: nilianguka ao niliketi? Serikali inasema hivi, kiuno changu kinasema vile.