Mgombea Hageuki Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa chaki mbili. Nilikuwa nimefika ofisi ya ushirika pale Embu na barua ya kuajiriwa ndani ya bahasha, viatu vipya vikinibana, nikitarajia kuonyeshwa meza yangu. Meza haikuwepo. Afisa wa Ushirika wa Wilaya, mtu mrefu aliyependa kuongea huku akifunga vifungo vya koti, alinitia chaki mkononi akasema, "Madam, leo tuko na uchaguzi Kiritiri. Utajifunza huko huko."

Chama cha Kiritiri kilikuwa cha wafugaji nyuki. Afisa wa ushirika si mwanachama wala si mkubwa wa wanachama. Yeye huja tu siku ya mkutano mkuu wa mwaka kuhakikisha akidi imetimia, yaani watu waliofika wanatosha kuamua kwa niaba ya wote, kisha husimamia uchaguzi wa viongozi. Mtu hawezi kugombea kwa kujitaja. Lazima mwanachama mmoja ampendekeze na mwingine amuunge mkono, wote wawili wakiwa kwenye sajili. Kura yenyewe ilikuwa ya mlolongo: kila mgombea anasimama, na wanaomtaka wanapanga mstari nyuma yake.

Chaki ilikuwa ya kuchora alama ukutani, moja kwa kila mgombea. Bosi wangu aliwapanga wagombea wakitazama ukuta wa stoo kama watoto waliochelewa shule, kila mmoja na alama yake mbele ya pua. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mgombea hageuki nyuma mpaka nimalize kuhesabu na watu watawanyike," aliniambia. "Kura inaisha saa saba. Saa nane hawa wote wanateka maji mahali pamoja. Mtu akishaona nani hakusimama nyuma yake, hiyo haitoki kwa roho."

Alihesabu mwenyewe, akimgusa kila mtu bega na kutaja namba kwa sauti, ili mgombea asikie idadi na asitambue sauti ya jirani. Alianza na mstari mfupi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema anayeshindwa asingojeshwe. Kuhusu mapendekezo alinifundisha jambo moja tu, niulize mara tatu kama kuna jina lingine kisha nifunge mdomo. Yeye alikuwa akihesabu pumzi zake ishirini kabla ya kufunga mapendekezo. Mimi niliona ni kupoteza muda, kwa maana nilikuwa kijana na nilijua kila kitu.

Mikinduri ndiko nilikonyolewa kiburi. Nilipelekwa huko peke yangu kusimamia uchaguzi wa chama cha wakulima, mvua ikatishia, nami kwa haraka nikasahau habari ya ukuta. Mgombea mmoja aligeuka akamwona shemeji yake kwenye mstari wa mwenzake. Watu hao wawili walikuwa wakinywa chai kwa mmoja au mwingine kila Jumapili baada ya kanisa. Chai hiyo ilikoma siku hiyo hiyo. Nilienda mara nne kuwapatanisha, nikala viazi na maharagwe katika nyumba zote mbili, na ilichukua karibu miaka miwili kabla mmoja hajavuka barabara kwenda kwa mwenzake. Kosa lilikuwa langu na sijalisahau. Tangu hapo nilitembea na chaki kwenye mkoba hadi nikastaafu.

Miaka mingi baadaye, ugatuzi ukiwa umeshaingia na mimi nimekuwa afisa wa kaunti ndogo, nilisimamia uchaguzi ninaoukumbuka kuliko mwingine wowote. Ulikuwa wa chama kidogo cha wakulima wa viazi upande wa Kibirichia. Mwenyekiti alikuwa Mzee M'Itonga, na alikuwa mwenyekiti tangu chama kianze. Kila uchaguzi alipita bila kupingwa. Jina lake lilitajwa, likaungwa mkono, na hakuna jina jingine lililotokea, basi.

Asubuhi hiyo katibu wa chama aliniita kando kabla watu hawajajaa. "Madam, mbegu ya msimu uliopita ilioza ndani ya stoo," alisema. "Mzee alifunga, akaweka ufunguo mahali, akasahau ni wapi. Wakati tulivunja mlango, ilikuwa ni maji tu na harufu. Watu hawakupanda. Na si mara ya kwanza. Siku hizi ananiita jina la baba yangu."

"Mmemwambia?"

"Nani atamwambia? Huyo ndiye alitupea mbegu ya kwanza, kiondo kwa kiondo, hiyo wakati hatukuwa na kitu. Hakuna mtu hapa anaweza simama mbele yake." Alitazama viatu vyake. "Na akipita tena, ni miaka mitatu. Chama haitafika."

Nilielewa. Akipita tena, chama kingekufa mikononi mwake na watu wangekumbuka mwisho huo tu. Akiondolewa kwa kelele, wangemvunja mtu waliyempenda. Nami sikuwa na la kufanya, kwa sababu afisa hapendekezi mtu. Afisa anauliza tu.

Niliuliza. Jina la Mzee M'Itonga lilitajwa na kuungwa mkono upesi, kama kawaida. Nikauliza kama kuna jina lingine, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wengine walikuwa wakifuta tope kwenye gamubuti zao kwa bidii ambayo sijaiona siku nyingine. Nikaanza kuhesabu pumzi zangu. Nilikuwa nimefika kumi na saba mama mmoja aliposimama katikati ya akina mama. Alikuwa na skafu ya kijani na sweta ya shule ya mjukuu wake. Katibu aliyekuwa kando yangu alishusha pumzi kwa nguvu.

"Mimi ni Mama Kinya," alisema, ingawa wote walimjua isipokuwa mimi. "Napendekeza Karimi."

Mama Kinya alikuwa mke wa Mzee M'Itonga.

Karimi, mwanamke wa makamo aliyekuwa mwanakamati, alijishika mdomo. Mwishowe makamu mwenyekiti aliinua mkono akaunga mkono, macho chini. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, mikono juu ya fimbo. Alimtazama mkewe kwa muda, si kwa hasira, kama anayejaribu kukumbuka wamepanga kwenda wapi.

Nilichora alama mbili ukutani. Mzee akasimama kwa yake, Karimi kwa yake, nikawaambia watu wajipange. Walikwenda wote kwa Karimi. Ni kana kwamba walikuwa wakingoja mwenye nyumba afungue mlango, naye Mama Kinya alikuwa amefungua. Walitembea polepole bila kuongea, na nilijua kuwa kule ukutani mzee alikuwa anasikia nyayo zikielekea upande mmoja. Niliona uchungu, siwezi kuficha.

Ndipo Mama Kinya akatembea kutoka alikokuwa, akapita mbele ya mstari ule mrefu wote, akaenda kusimama nyuma ya mume wake. Peke yake.

Mwanamume mmoja akalalamika. "Madam, hapana. Huyu mama ndiye ametaja Karimi, na sasa anaenda kwa mzee. Kwani ako na kura ngapi?"

"Ako na moja," nilimjibu. "Kupendekeza si kura. Hakuna sheria inasema usimame kwa uliyemtaja."

Nikaanza na mstari mfupi, kama nilivyofundishwa. Nilimgusa Mama Kinya bega nikasema, "Moja." Hapakuwa na mbili.

Mzee hakugeuka. Akiwa bado anaitazama alama yake ukutani, aliuliza kwa upole, "Mama Kinya, miguu haijachoka?"

"Bado," akasema.

Nikaenda kuhesabu ule mwingine, na nashukuru ulikuwa mrefu, maana ulinipa nafasi ya kupangusa macho. Nilipomtangaza Karimi hakuna aliyepiga makofi. Watu walipotawanyika nilimruhusu mzee ageuke. Alimwendea Karimi, akamshika mkono, akamwambia, "Karimi, stoo isikae imefungwa. Viazi vinataka hewa." Siku hiyo hakusahau jina lake.

Wakati wa chai nilimkuta Mama Kinya akisuuza vikombe. Nilimuuliza kwa nini alifanya mambo mawili yanayopingana.

"Yanapinganaje, madam? Karimi nimemtaja ju ya chama. Hawa wangemtoa siku moja, na wangemtoa vibaya." Alikung'uta kikombe. "Kusimama nyuma ya mzee, huko ni kwetu nyumbani."

Jioni hiyo nilimuuliza mume wangu kama angesimama nyuma yangu. Akataka kwanza kujua mgombea mwingine ni nani.

Nimestaafu sasa, niko Embu na kuku wangu na goti linalotabiri mvua. Vyama vingine siku hizi hupiga kura kwa simu, na vijana wa ofisini huniuliza kama naona vibaya. Sioni vibaya. Simu haina shemeji wa kutazama nyuma. Nawaomba tu wasifunge mapendekezo haraka, wahesabu pumzi ishirini, kwa sababu wapo watu wanaohitaji kumi na saba za kwanza ili wapate nguvu za kusimama.

Mwezi niliostaafu nilipanda Kibirichia kuwaaga, nikiwa na mkate na majani ya chai. Chama kiko hai. Stoo ya Karimi ina madirisha. Mzee M'Itonga alikuwa ameketi juani mbele ya nyumba yake, blanketi magotini, na hakunitambua. Mama Kinya alimwambia mimi ndiye madam wa uchaguzi. Neno hilo lilimgusa mahali fulani.

"Tulikuwa na uchaguzi?" aliuliza.

"Uchaguzi ulishapita, mzee," mkewe alisema, akimrekebishia blanketi.

Alifikiri kidogo. "Na mimi, nani alikuwa nyuma yangu?"

"Ni mimi."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, akaridhika kabisa. "Basi tulitosha," akasema.