Mbwa wa Msoma Mita

Getruda Mgaya anasoma mita za maji hapa Njombe mjini, na kwa miaka yote niliyomfahamu hakuna kitu alichokiogopa kama mbwa. Mvua ya Machi haimsumbui, wala matope ya mitaa ya bondeni, wala wateja wanaomfokea kana kwamba yeye ndiye anayepanga bei ya maji. Mbwa tu. Kwenye shavu la mguu wa kushoto ana kovu refu alilolipata zamani, siku aliyoingia kwenye nyumba moja huku mwenye nyumba amesimama barazani akimwambia, "Pita tu, hang'ati huyo." Alichomwa sindano za kichaa cha mbwa, akapona, akarudi kazini. Tangu hapo hagusi geti la mtu kabla ya kuuliza, "Mbwa amefungwa?" Akijibiwa kwamba hang'ati, anasubiri nje mpaka asikie mnyororo.

Mimi ni jirani yake hapa mtaa wa Ramadhani, nyumba zetu zinapakana. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Mengine alinisimulia tukiwa tumekaa tunachambua maharage.

Getruda alilelewa na dada yake, Stella. Mama yao alipofariki kule kijijini Mawengi, Stella alikuwa ameshaolewa Makambako, akamchukua mdogo wake na kumsomesha. Stella na mumewe walikuwa na uwanja wa mbao kando ya barabara kuu. Mume naye akafariki, na Stella akauendesha uwanja peke yake hadi magoti yakamshinda. Mwanawe wa kiume aliyeko Dodoma akamwambia aende wakae wote. Stella akauza mbao zilizobaki, akamrudishia mwenye eneo eneo lake, na alipomaliza kufunga mizigo akaona amebakiwa na mmoja asiye na pa kwenda. Akampigia simu mdogo wake.

"Getruda, nakuomba umchukue Fuso."

"Dada, unanijua mimi na mbwa."

"Nakujua. Lakini wote wanaomtaka wanataka kumfunga mnyororo kutwa nzima. Huyu hajawahi kufungwa. Sina mwingine wa kumwomba."

Getruda hakuwa na mazoea ya kumkatalia Stella. Akasema sawa, kisha akakata simu na kukaa kitandani muda mrefu, kama mtu aliyepokea habari za msiba.

Fuso aliletwa Jumamosi asubuhi, juu ya lori dogo lililokuwa linapeleka saruji Songea. Walimwita hivyo, kama yale malori, kwa sababu ya ukubwa wake, na hawakumsingizia. Kichwa chake kilimfika Getruda kiunoni. Alikuwa na manyoya ya rangi ya udongo yenye michirizi myeusi, sikio moja limesimama na la pili limekunjika, kifua kipana, na nyayo kama visahani. Mama yake alikuwa mbwa wa kawaida wa mtaani Makambako. Baba yake hakuna aliyemjua, kwa hiyo kila aliyemwona alimtungia ukoo. Mmoja alisema ni wa mbwa wa polisi, mwingine akasema ni wa wale wanaofugwa kwenye mashamba ya chai. Dereva yeye alisema tu, "Mama, huyu anakula," akamkabidhi Timoth kamba na kuondoka.

Timoth, mume wa Getruda, ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mtaratibu asiyepandisha sauti. Binti yao Nelly alikuwa darasa la nne wakati huo. Hao wawili walimpenda Fuso siku hiyo hiyo. Getruda alimtazama kutoka dirisha la jikoni, na kwa majuma kadhaa hakutumia mlango wa mbele. Alikwenda kazini kwa mlango wa nyuma, akizunguka nyumba kwa nje ya ua, na jioni alinipigia simu kuniuliza mbwa yuko upande gani.

Mwanzo haukuwa mzuri hata kwa Fuso. Hakulala. Timoth alimwekea magunia mazuri chini ya paa la stoo, lakini alizunguka usiku kucha akilia kwa sauti nyembamba isiyofanana na mwili wake. Mtaa mzima tulikuwa tunaamka na macho mekundu. Mwishowe Getruda akampigia dada yake Dodoma.

"Mnamlaza wapi?" Stella aliuliza.

"Kwenye magunia."

"Magunia! Huyo amezaliwa kwenye maranda. Mwekeeni maranda."

Timoth akaenda kwa fundi seremala wa jirani, akarudi na gunia la maranda ya paina. Fuso alipoyanusa aliingia na miguu yote minne, akachimba, akajizungusha, akajilaza. Tukalala na sisi.

Baada ya hapo wakaanza kumjua kidogo kidogo. Ugali wa dagaa alikula vizuri, lakini ukichanganya kabichi alikula ugali wote na kuziacha kabichi zimelundikana pembeni ya sufuria. Mwavuli ukifunguliwa alikimbilia nyuma ya stoo. Kubweka, mara chache mno. Hata wezi wa maparachichi, ambao ndio Timoth alikuwa na matumaini atawafukuza, nadhani angewapokea. Alichopenda ni watu. Alipenda kuwaegemea watu, kweli kabisa: alikuja kimya, akageuka ubavu, akakuegemezea uzito wake wote miguuni. Mtu asiyejipanga aliyumba.

Siku ya kwanza alipomfanyia Getruda hivyo, Getruda alikuwa uani amebeba beseni la nguo. Akaganda. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua wa matete, nikasikia sauti ndogo ikisema, "Timoth. Timoth. Timoth."

Timoth hakuwepo. Aliyetoka ni Nelly.

"Mama, amekuegemea tu."

"Mtoe."

"Akiegemea ndiyo amekupenda."

"Nelly, nimesema mtoe."

Nelly alimvuta shingoni, akaenda bila ubishi. Getruda aliniambia baadaye kwamba kilichomshangaza siku ile ni joto. Ilikuwa Juni, ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na mguu wake mmoja ulibaki na joto muda mrefu.

Basi akaanza kupita mlango wa mbele. Hakumgusa, ila alimsemesha. "Kamwene, Fuso," alimsalimia asubuhi akienda kazini, na Fuso alipiga mkia chini bila kuinuka. Mambo yakaendelea hivyo hadi siku ya Gideoni.

Gideoni ni mwenzake kazini. Kwa utaratibu wao msoma mita hasomi mita ya nyumbani kwake, kwa hiyo ya Getruda ilisomwa na Gideoni. Siku hiyo Getruda alikuwa likizo, anaanika nguo. Gideoni akagonga geti, na kama walivyozoea wote wa kazi ile akauliza, "Mbwa amefungwa?"

Getruda alikuwa na pini ya nguo mdomoni. Akaitoa, akasema, "Pita tu Gideoni, hana neno huyo."

Fuso alimwona mgeni, akafurahi. Alikwenda mbio, akaruka, akamwekea Gideoni nyayo zote mbili kifuani. Gideoni akaenda chali, mkono wake ukagonga mawe ya bustani ya maua. Nilipofika alikuwa ameketi chini ameshika kiwiko cha mkono, na mbwa anamlamba sikio. Hakupiga kelele. Alimtazama tu Getruda.

"Wewe, Getruda? Wewe kati ya watu wote?"

Getruda alimpeleka hospitali mwenyewe. Mfupa haukuvunjika, walimfunga bandeji, wakampa dawa za maumivu. Lakini Getruda alirudi akiwa mtu mwingine. Alikuja kwangu kabla ya kuingia kwake, akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Nimesema yale yale. Yule mama wa siku ile niliyong'atwa, miaka yote nimemwona ni mtu mbaya. Kumbe labda na yeye alikuwa anaanika nguo tu."

Timoth alipendekeza wajenge banda lenye kitasa wamfungie. Getruda akakataa. Alisema ameshamwahidi dada yake kwamba hatafungwa, na tena mbwa hakukosea, hajafundishwa tu jinsi ya kupokea mtu. "Na getini kwa watu," akasema, "nani amesimama zaidi yangu?"

Jioni iliyofuata nikamwona anatoka nje amevaa koti lake la kazi, buti, na begi begani. Akafunga geti. Akatembea hadi kwangu, akageuka, akarudi, akagonga geti lake mwenyewe.

"Hodi! Maji!"

Ndani Nelly alikuwa amemshika Fuso. "Kaa!" akasema. Fuso akaruka. Getruda akarudi tena hadi kwangu, akagonga tena. Mama Eveline wa dukani alikuwa anapita na ndoo, akasimama.

"Getruda, kwako mwenyewe unapiga hodi?"

"Ndiyo, mama. Najaribu kuingia."

Wiki ya kwanza tulicheka sana na mbwa hakujifunza kitu. Fuso akikaa vizuri Getruda alimrushia dagaa kutoka mbali, na Fuso aliondoka kwenda kumtafuta kwenye majani, akasahau kukaa, geti na kila kitu.

"Mama, mpe mkononi," Nelly akasema.

"Wewe mpe."

"Mimi nimeshika shingo. Anayeingia ndiye anatakiwa ampe."

Getruda alifumba macho, akanyoosha kiganja. Nilitegemea atapiga yowe, hakupiga. Alifumbua macho akaangalia kiganja, hakina kitu. "Ana midomo laini kama ya mbuzi," akasema, akatoa dagaa mwingine begini.

Fuso alipomzoea yeye, Getruda akaanza kuwaleta watu. Mimi nilikuwa wa kwanza kuvalishwa lile koti. Baada yangu akavaa Timoth, kisha wenzetu wa jumuiya, siku ya sala, mmoja mmoja: wanabisha hodi, wanaingia, wanatoa dagaa, wanakwenda kukaa. Katekista alilalamika kwamba mikono inanuka na Rozari ipo mkononi. Lakini Fuso alianza kuelewa kwamba geti likigongwa, raha ipo kwa anayekaa chini.

Gideoni alirudi mkono umeshapona. Akauliza swali lake akiwa amesimama mbali kidogo na geti.

"Hajafungwa," Getruda akajibu. "Subiri nimshike kwanza."

Alimshika. Fuso alikaa, mwili mzima unatetemeka kwa hamu, mkia unafagia vumbi. Gideoni alipita, akainama kwenye mita, akapiga picha namba zake. Wakati anatoka Fuso alichomoka mikononi mwa Getruda na kumfuata hadi getini, ila hakuruka. Gideoni akafunga geti kwanza ndipo akasema, "Afadhali."

Nisidanganye kwamba Getruda ameacha kuogopa mbwa. Mbwa wa watu anawaogopa hadi leo, na kwenye mageti ya wengine anasubiri mnyororo. Kwa Fuso tu ndiyo hofu iliisha. Baridi ilipozidi Julai, yeye ndiye aliyesema mbwa aingie alale jikoni, maranda na yote, na Timoth ndiye aliyenung'unika kuhusu vumbi.

Mwaka ulikuwa unaelekea kwisha Stella alipopiga simu. Dodoma imemshinda, alisema. Joto, vumbi, na kukaa kutwa nzima nyumbani kwa mwanawe na mkwe hana la kufanya. Amerudi Makambako, amepanga vyumba viwili karibu na soko. "Jumapili nakuja kumchukua Fuso wangu," akasema, kwa furaha kabisa.

Jumapili akaja baada ya misa. Fuso alimsikia kabla hajafika, na yale mafunzo yote yakaisha: aliruka, akalia, akazunguka, akamwangusha Stella kilemba. Stella alicheka mpaka machozi. Nelly alipoona hivyo akaingia ndani na kufunga mlango.

Wakanywa chai nje. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka vitumbua, na nilipotaka kuondoka Getruda alinishika mkono nikae.

"Dada," akasema, "vile vyumba vina ua?"

"Kuna kinjia cha nyuma. Nitamfunga mchana, usiku ataingia ndani."

"Ulisema hajawahi kufungwa."

"Nilikuwa na uwanja wakati ule, Getruda. Sasa sina."

Getruda akaweka kikombe chini. "Basi hapana."

Stella hakuelewa. "Hapana nini?"

"Simtoi, dada. Nisamehe. Simtoi."

Stella alifunga kilemba chake upya, polepole. "Hata mbwa ulikuwa hutaki," akasema. "Mimi nitakaa na nani kule?"

"Hamia hapa. Chumba kipo."

"Makambako ndiko kwangu. Nimetoka kukaa kwa mkwe, nije nikae kwa shemeji?"

Hakumaliza chai. Timoth alimsindikiza stendi, na kwa majuma kadhaa Stella hakupokea simu za mdogo wake. Getruda alikonda. Nilimwambia ampeleke tu huyo mbwa, amani irudi. Alisema amelifikiria hilo kila siku, na kila siku jibu ni lile lile, na hajui kama ni haki.

Mwezi wa pili, Jumapili moja, geti likagongwa. Ni Stella, na mfuko wa mifupa kutoka kwa muuza nyama wake. Hakueleza chochote na hakuna aliyemuuliza. Alikaa barazani, Fuso akalala miguuni pake, yeye akampapasa mbavu kwa muda, kisha akamgeukia mdogo wake kwa ile sauti yake ya uwanjani.

"Amenenepa huyu. Mnamlisha nini?"

"Tunachokula sisi," Getruda akasema.

"Ndiyo maana," Stella akasema. Sasa anakuja kila mwezi, na tukirudi kanisani Jumapili tunamkuta ameshafika.